Maktaba Iliyoshushwa Chini ya Ardhi kwa Ajili ya Mahindi

Katika Chuo Kikuu cha Illinois, mjini Urbana, kuna maktaba ambayo mgeni anaweza kupita juu ya paa lake bila kujua. Anachokiona ni uwanja uliosakafiwa, vibanda vya kuingilia, na katikati tundu kubwa la mraba ambalo ukilichungulia unaona kuta za vioo na ua chini kabisa. Ghorofa zake mbili zote ziko ardhini. Muulize mwanafunzi wa pale kwa nini walijenga hivyo, naye atakujibu hapo hapo kwamba ni kwa sababu ya mahindi: jengo refu lingeyakinga jua.

Si utani. Mashariki ya maktaba hiyo kuna kishamba kiitwacho Morrow Plots, ambacho kimelimwa kwa majaribio tangu mwaka 1876. Hakuna shamba la majaribio ya mazao lililo kongwe kuliko hilo nchini Marekani, na duniani linatanguliwa na lile la Rothamsted, Uingereza, lililoanza 1843. Lilianzishwa na Manly Miles, likaendelezwa na George Morrow, ambaye jina lake ndilo lililobaki. Swali lao lilikuwa la mkulima yeyote: je, ardhi hii nyeusi inayosifiwa kwa rutuba inaweza kulimwa mahindi mwaka hadi mwaka bila kuchoka? Kipande kimoja kimepandwa mahindi kila msimu tangu siku hiyo. Kingine hupokezana mahindi na soya, na cha tatu huzungusha mahindi, nafaka ya oti na majani ya mifugo. Jibu lilijulikana zamani: ardhi huchoka, na mzunguko wa mazao pamoja na samadi huirudishia nguvu. Ila jaribio la aina hii halifungwi jibu linapopatikana. Kila msimu unaoongezeka huyapa uzito mavuno yote yaliyotangulia. Mwaka 1968, maktaba ikiwa bado inajengwa, serikali ya Marekani ililiorodhesha shamba hilo miongoni mwa maeneo ya kihistoria ya taifa.

Maktaba ilifunguliwa 1969. Msanifu wake alikuwa Ambrose Richardson. Ilihudumia wanafunzi wa shahada ya kwanza kwa zaidi ya miaka hamsini, kisha mwaka 2022 ikafungwa ili igeuzwe kuwa hifadhi ya nyaraka na vitabu adimu. Ndani ya mabadiliko hayo kuna somo ambalo wasanifu wengi hulipita: sababu ya kuchimba ni jambo moja, na sababu ya kumweka mtu au kitu kule chini ni jambo jingine. Illinois walikuwa na sababu nzuri ya kuchimba tangu mwanzo. Mpangaji anayelifaa shimo lenyewe ndiye aliyechelewa kufika.

Kivuli cha mita arobaini na tano

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia vyuo vya Marekani vilifurika wanafunzi. Maktaba Kuu ya Illinois, jengo la miaka ya 1920, ilikuwa na hazina kubwa ya vitabu, lakini mpangilio wake ulimlenga mtafiti kuliko kijana wa mwaka wa kwanza. Harvard walikuwa wamefungua Lamont mwaka 1949, maktaba ya peke yake kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na vyuo vingine vikaufuata mtindo huo. Maktaba ya namna hiyo inataka iwe jirani na Maktaba Kuu, maana wakutubi ni wale wale na vitabu vinakwenda na kurudi. Kwa Illinois, jirani na Maktaba Kuu upande wa mashariki palikuwa na nafasi wazi, na ng'ambo ya nafasi hiyo palikuwa na mahindi.

Tupige hesabu ya kivuli, maana hadithi hii husimuliwa sana lakini hupimwa mara chache. Urbana iko nyuzi 40 kaskazini mwa ikweta. Tuseme wangesimamisha jengo la kawaida la ghorofa tatu, mita 12 kwenda juu. Adhuhuri ya Juni jua liko nyuzi 73 juu ya upeo wa macho. Kivuli cha jengo hilo hakifiki hata mita 4, tena kinaangukia kaskazini, si shambani. Tatizo ni jioni. Ikifika saa 12 kwa saa ya jua, siku zile ndefu za Juni, jua limeshuka hadi nyuzi 15, liko magharibi likielemea kaskazini kidogo. Jengo la mita 12 sasa lina kivuli cha mita 45, kinachoelekea mashariki na kusini kidogo. Kuanzia hapo mpaka jua lizame, karibu saa moja na nusu baadaye, kivuli kinarefuka tu.

Mkulima ataniuliza: jua la saa hizo lina nguvu gani? Ana haki ya kuuliza. Nishati nyingi ya siku mmea huipata jua likiwa juu, na mahindi yaliyokosa jua la kuchwea hayafi. Jengo lingeweza pia kusogezwa magharibi kidogo, na hasara ya mavuno ikawa ndogo kuliko tofauti ya mvua kati ya mwaka na mwaka. Kwa hesabu hiyo peke yake, mtu angeweza kuukejeli uamuzi wote.

Ila shamba la majaribio halilimwi kwa ajili ya ghala. Linaishi kwa kulinganisha kipande na kipande, mwaka na mwaka. Kivuli kingewahi kufika ukingo wa magharibi kabla ya ukingo wa mashariki, jioni baada ya jioni. Vipande vidogo vyenye samadi na visivyo na samadi vingepata jua lisilo sawa. Tangu mwaka huo, mtafiti akiona tofauti ya mavuno asingeweza kusema kwa uhakika kama imetoka kwenye udongo au kwenye jengo. Takwimu za zaidi ya miaka tisini zingebaki zimekatika mahali pamoja, na hakuna fedha ya kuziunganisha tena. Kwa hiyo naona walioamua kuchimba walikuwa sahihi, hata kama mahindi yenyewe yasingeumia sana. Walichokilinda ni ulinganifu wa jaribio, na ulinganifu ukishaharibika haupandwi upya msimu ujao.

Faida nyingine ilikuja humo humo. Nafasi ilibaki wazi, Maktaba Kuu haikuzibwa mbele, na paa likawa uwanja wa kupita watu. Chuo kikubwa hufika mahali ambapo ardhi ya katikati imekwisha, na kila jengo jipya linakula sehemu ambayo watu waliizoea kuwa tupu. Kwenda chini ni njia mojawapo ya kupata vyumba bila kuipoteza nafasi hiyo. Gharama yake, hata hivyo, ni kubwa, na wanaoipendekeza mikutanoni huwa hawaitaji mapema.

Maji yanasukuma juu

Mashariki ya kati ya Illinois ni tambarare. Kabla wakulima wa karne ya 19 hawajazika mabomba ya udongo wa kuchoma chini ya mashamba yao ili kuyakausha, sehemu kubwa ilikuwa mbuga ya nyasi inayosimama maji. Udongo wa juu ni ule mweusi unaosifiwa. Chini yake kuna mchanganyiko wa mfinyanzi na mawe ulioachwa na barafu ya kale. Theluji ikishayeyuka na mvua za majira ya kuchipua zikianza, maji ya ardhini hupanda karibu na uso. Kijito cha Boneyard kinachokatiza chuoni kina sifa ya zamani ya kufurika. Hapo ndipo mtu anaambiwa achimbe ghorofa mbili.

Vyuo vingi vya Marekani vina hadithi kwamba maktaba yao inazama kwa sababu mhandisi alisahau kuhesabu uzito wa vitabu. Ni ngano. Kwa jengo lililo chini ya ardhi yenye maji, hofu ya kweli iko upande wa pili kabisa: jengo kuelea. Kila mita moja ya kina cha maji husukuma sakafu juu kwa nguvu ya karibu tani moja kwa mita ya mraba. Tuseme sakafu ya chini iko mita 8 ardhini na maji yamepanda hadi mita 2 kutoka juu. Sakafu hiyo inasukumwa na maji ya kina cha mita 6, yaani tani 6 kwa kila mita ya mraba. Zege lina uzito wa tani 2.4 kwa mita ya ujazo. Ungetaka kulituliza jengo kwa unene wa sakafu peke yake, ungemwaga zege la mita mbili na nusu, na hakuna mwenye fedha za kufanya hivyo. Jengo tupu la zege linalozungukwa na maji ni kama ndoo tupu unayoikandamiza ndani ya pipa: ukiiachia inapanda.

Mhandisi ana njia tatu, na mara nyingi huzichanganya. Anaweza kuongeza uzito: ghorofa zenyewe, kuta nene, na juu ya paa udongo na mawe ya kusakafia. Hapa uwanja wa kutembelea unakuwa na kazi ambayo mpita njia haijui, ya kulishikilia jengo chini. Anaweza kulifunga jengo kwa nguzo au nyaya za chuma zilizozamishwa ndani zaidi. Au anaweza kuyaondoa maji kwa tabaka la kokoto na mabomba chini ya sakafu, yanayopeleka maji kwenye kisima ambako pampu huyatoa usiku na mchana. Njia ya tatu ni rahisi siku ya kujenga, lakini inakufunga na pampu kwa maisha yote ya jengo. Umeme ukikatika wakati wa dhoruba kubwa, ambao ndio wakati umeme hukatika, pampu inasimama huku maji yakipanda. Kwa hiyo lazima iwepo pampu ya pili, na jenereta, na jenereta isiwekwe chini.

Hilo la mwisho linaonekana dogo hadi likutokee. Tarehe 28 Julai 1997 mvua kubwa iliupiga mji wa Fort Collins, jimboni Colorado. Watu 5 walikufa mjini. Katika chuo kikuu cha jimbo kilichopo hapo, maji yalivunja ukuta wa ghorofa ya chini ya maktaba ya Morgan na kuijaza. Karibu nusu milioni ya vitabu na majarida viliokolewa vikiwa vimelowa chapachapa. Ghorofa ile haikuwa na kasoro ya ajabu. Ilikuwa ghorofa ya chini ya kawaida, katika chuo cha kawaida, siku ambayo maji yalikuwa mengi kuliko kawaida.

Kwa nini mbili na si tatu

Sehemu ninayoipenda zaidi katika kazi ya Richardson ni kujizuia. Ghorofa mbili tu, zilizotandazwa kwa upana kuzunguka ua. Angeweza kuchukua eneo dogo zaidi na kushuka ghorofa nne. Hesabu kadhaa zinaonyesha kwa nini asingefanya vizuri.

Ya kwanza ni ya kuta. Udongo unausukuma ukuta, na msukumo unakua kadiri unavyoshuka. Ukiongeza kina mara mbili, nguvu yote inayousukuma ukuta inakuwa mara nne. Katika jengo la kawaida sakafu za ndani hufanya kazi ya mihimili inayoshindana na udongo kutoka upande mmoja hadi wa pili. Lakini ukitoboa ua katikati, umeikata mihimili hiyo. Sakafu sasa inakuwa fremu yenye tundu, na msukumo wa udongo lazima uzunguke tundu hilo kupitia pembeni. Hilo linawezekana kabisa kwa ghorofa mbili. Kadiri unavyoshuka linakuwa jengo jingine na bajeti nyingine.

Ya pili ni ya jua. Tarehe 21 Desemba, adhuhuri, jua la Urbana liko nyuzi 26 na nusu tu juu ya upeo. Chukua ua wenye upana wa mita 20 na kina cha mita 8. Ukuta wa kusini unatupa kivuli cha mita 16 sakafuni, na zinabaki mita 4 za jua, zinazougusa ukuta wa kaskazini hadi chini. Jua dogo, lakini ni jua, katika mwezi ambao mwanafunzi analihitaji kuliko yote. Sasa shuka ghorofa moja zaidi, kina kiwe mita 12. Kivuli kinafika mita 24 na ua mzima uko gizani tangu asubuhi. Ghorofa ya tatu haipotezi mwanga wa ghorofa hiyo peke yake. Inabadili ua kuwa kisima.

Hata hivyo tusiusifu ua kupita kiasi. Kanuni wanayoitumia wasanifu ni kwamba mwanga wa mchana huingia chumbani kwa umbali wa mara mbili hadi mbili na nusu ya urefu wa dirisha. Dirisha la mita 3 linakupa mita 6 au 7 za kusoma bila taa. Katika jengo pana, waliokaa kando ya vioo walikuwa maktabani, na waliokaa karibu na kuta za nje walikuwa chini ya ardhi. Mwanafunzi wa kule nyuma hakuwa na namna ya kujua kama nje mvua inanyesha au usiku umeingia. Katika maktaba ya ghorofa za juu kila upande una dirisha, na msanifu asiye hodari anaokolewa na hilo. Chini ya ardhi hakuna cha kumwokoa: mwanga wote unaopatikana ni ule alioutengenezea njia kwa makusudi.

Halafu kuna kutoka nje. Moto ukitokea ghorofa ya tano, watu wanashuka na moshi unapanda, kila mmoja kwa njia yake. Moto ukitokea ghorofa ya chini, watu na moshi wanapanda pamoja, na wanagombea ngazi zile zile. Ngazi lazima zitengwe kwa kuta na milango inayozuia moshi, ziwe zaidi ya moja, zitokee mahali palipo mbali na tundu la ua. Ua wenyewe unadanganya. Una hewa na anga, kwa hiyo mtu mwenye hofu atakimbilia huko. Lakini ua usio na ngazi ya kupanda nje ni shimo. Kanuni za ujenzi zinazotumika Marekani siku hizi zinaongeza masharti mazito, kama mifumo ya kufyonza moshi, kwa jengo ambalo sakafu ya watu imezidi futi 30, yaani mita 9.1, chini ya kiwango cha kutokea nje. Masharti hayo yalikuja baadaye, lakini ghorofa mbili za kawaida huwa zinabaki juu ya mstari huo. Bila shaka wapo wateja wengi ambao leo huambiwa na mhandisi wao, "Tuishie mbili", na sababu ni mita hizo tisa.

Hewa, jasho la kuta na paa linalovuja

Watu husema chini ya ardhi ni rahisi kupasha joto na kupoza. Ni kweli kwa nusu. Udongo wa kina kile hauhisi baridi kali ya Januari wala joto la Julai; unabaki karibu na wastani wa mwaka. Bili ya kupasha joto inapungua. Lakini Julai ya Illinois ina unyevu. Hewa ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 60 huanza kutoa matone ikigusa kitu chenye nyuzi 21. Ukuta unaogusana na udongo, usipowekewa kinga ya joto, uko chini ya hapo. Ukiingiza hewa ya nje kwa nia njema ya kuburudisha chumba, unaingiza maji yatakayogandamana nyuma ya rafu, mahali ambapo hakuna anayepita, na ukungu unaanza kule. Kwa hiyo mashine ya hewa katika jengo la chini hainunuliwi kwa ajili ya baridi kwanza. Inanunuliwa kwa ajili ya kukausha.

Mdomo wa kuvutia hewa nao unataka akili. Ukiuweka chini kwenye uwanja utavuta moshi wa magari ya kuleta mizigo, utazibwa na theluji, au siku moja maji ya mvua yatautumia kuwa mlango. Ukiuinua juu, msanifu analalamika kwamba umemharibia uwanja wake. Katika ugomvi huo mimi niko upande wa fundi wa mashine.

Paa ndilo lenye usumbufu wa kudumu. Paa la kawaida likivuja, fundi anapanda na kuliona tundu. Paa lililo chini ya uwanja limefunikwa utando wa kuzuia maji, juu yake kinga, juu yake mchanga au zege, juu yake mawe ya kusakafia, na juu ya yote wanafunzi wanapita. Tone linaloanguka kwenye meza ya kusomea huenda limeingia mita kumi mbali na hapo na kutembea chini ya tabaka zote hizo. Kulitafuta ni kubomoa uwanja. Ongeza chumvi inayomwagwa majira ya baridi kuyeyusha barafu njiani: inapenya na maji, inafika kwenye nondo, na nondo zikianza kutu zege linapasuka. Utando wa kuzuia maji huchakaa zamani kabla ya zege. Mwenye jengo anapaswa kujua tangu siku ya kwanza kwamba katika maisha ya jengo lake uwanja ule utafumuliwa, na fedha ya kazi hiyo isihesabiwe kuwa dharura.

Nani akae chini

Kaskazini mwa Urbana, mwendo wa takriban kilomita 200, Chuo Kikuu cha Chicago kilikutana na tatizo linalofanana na hilo miaka arobaini baadaye. Maktaba yao ya Regenstein, iliyofunguliwa 1970, ilikuwa inajaa. Vyuo vingi katika hali hiyo huvihamishia vitabu visivyosomwa sana kwenye maghala nje ya mji. Chicago walikataa, walitaka vitabu vibaki chuoni. Helmut Jahn akawachorea maktaba ya Joe na Rika Mansueto, iliyofunguliwa 2011. Nayo ilichimbwa, kwa kina cha karibu mita 15, lakini mpangilio wake ni kinyume kabisa cha ule wa Illinois. Wasomaji wanakaa juu, usawa wa ardhi, chini ya kuba la kioo lililojaa jua. Vitabu ndivyo vilivyoshushwa. Kule chini hakuna rafu za kutembelea wala meza, kuna masanduku ya chuma yaliyopangwa hadi juu na kreni zinazoyafuata kwa amri ya kompyuta. Vitabu vimepangwa kwa ukubwa, si kwa somo, kwa kuwa mashine haihitaji kujua kitabu kinahusu nini. Nafasi imetengwa kwa vitabu milioni 3.5. Hewa inawekwa karibu nyuzi 15 na unyevu wa asilimia 30, hali ambayo karatasi inaipenda na binadamu asingeivumilia siku nzima.

Ukiweka michoro ya majengo hayo mawili kando kando, tofauti inaonekana mara moja. Richardson alikuwa na watu kule chini, hivyo alilazimika kununua mwanga, ngazi, hewa ya kupumua wasomaji na ua. Jahn hakuwa na watu, hivyo hakununua chochote kati ya hivyo kwa ajili ya shimo, akaitumia fedha kwenye kuba. Kitu kisichohitaji dirisha, kisichokimbia moto na kisichochoka na taa za umeme kinaishi chini kwa gharama ndogo zaidi kuliko mwanafunzi. Silaumu kizazi cha 1969. Kreni za vitabu hazikuwa jambo la kawaida wakati ule, na mwanafunzi alitakiwa aifikie rafu kwa mikono yake. Lakini mtu anayechora leo hana udhuru huo.

Illinois wenyewe wamefika huko kwa njia ndefu. Wanafunzi wa siku hizi hawaendi maktabani kutafuta kitabu kilichowekwa rafuni kama walivyokwenda wazazi wao. Wanataka meza, umeme wa kuchaji, na mahali pa kukaa kwa vikundi. Huduma zao zilihamishiwa Maktaba Kuu, na jengo la chini likapangiwa makusanyo matatu: vitabu adimu na miswada, nyaraka za chuo, na makusanyo ya historia ya Illinois na Abraham Lincoln. Ni vitu vinavyochukia mwanga. Wino unafifia nao, karatasi inageuka manjano nao. Ile kasoro iliyomsumbua mwanafunzi wa kona ya nyuma imekuwa sifa.

Hata hivyo kubadili matumizi si kuhamisha samani. Sakafu ya chumba cha kusomea huchorwa ibebe kama kilo 290 kwa mita ya mraba. Chumba cha rafu za vitabu kinataka zaidi ya kilo 700. Rafu zinazosukumwa kwenye reli na kubanana pasipo njia katikati, ambazo wahifadhi wa nyaraka wanazipenda kwa sababu zinameza mara mbili ya rafu za kawaida, zinaweza kudai kilo 1,200 au zaidi. Sakafu ya chini kabisa inalala juu ya ardhi na inaweza kuzibeba; ya juu yake imesimama kwenye nguzo zilizopimwa enzi nyingine. Kwa hiyo mantiki ya uzito inasema weka nyaraka chini kabisa na wasomaji juu. Mantiki ya maji inasema kinyume, maana maji yakiingia, ghorofa ya chini kabisa ndiyo inayojaa kwanza. Mwanafunzi aliyeona maji yanaingia angepanda ngazi. Barua ya karne ya 19 itabaki kwenye sanduku lake.

Hapo hakuna jibu la bure, na kila hifadhi iliyo chini ya ardhi imefanya maafikiano yake. Ningekuwa kwenye meza ya wanaopitisha michoro ya jengo la namna hii ningeuliza mambo machache kabla ya kuuliza rangi ya kuta. Rafu ya chini kabisa imeinuliwa sentimita ngapi kutoka sakafuni? Kuna bomba lolote la maji, la choo au la kupasha joto, linalopita juu ya nyaraka, na kwa nini lisizungushwe? Kengele ya unyevu ikilia saa nane usiku wa Jumapili, inalia kwa nani, na mtu huyo anakaa umbali gani? Pampu ya akiba iliwashwa kwa majaribio lini mara ya mwisho, ikiwa imebeba mzigo kamili? Na swali ambalo huwafanya watu watazamane: utando wa kuzuia maji chini ya uwanja una umri gani, na fedha ya kuubadilisha iko kwenye bajeti ya mwaka upi?